Udongo na Utamu Katika Bakuli Moja



Kila mwaka, mwezi wa Machi au Aprili, Wayahudi huketi mezani na jamaa zao kukumbuka jinsi Mungu alivyowatoa utumwani Misri. Mezani pana mkate usiotiwa chachu, pana mboga chungu, na pana bakuli la chakula kitamu kiitwacho haroseti. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki humenya matufaha, wakayakuna, wakachanganya na walinati zilizopondwa, mdalasini na divai nyekundu. Wale wa asili ya Iraki hutumia tende. Haroseti hukorogwa mpaka iwe nzito, yenye rangi ya matope.

Kwa nini matope? Someni Kutoka, sura ya kwanza. Waisraeli walitumikishwa kwa ukali katika kazi ya udongo na matofali. Katika Talmudi, Rabi Yohanan anafundisha kwamba haroseti ni ukumbusho wa udongo huo. Lakini Rabi Levi anafundisha kwamba ni ukumbusho wa mtufaha. Mtufaha upi?

Mapokeo yao yasimulia kwamba wanaume walipochoshwa na kazi za Farao, wake zao hawakukata tamaa. Walikwenda kuteka maji, wakapata na samaki mitungini. Wakabandika vyungu viwili, kimoja cha maji ya moto, kingine cha samaki, wakawapelekea waume zao mashambani. Waliwaogesha, wakawalisha, wakawapenda. Siku za kujifungua zilipofika, walizaa chini ya mitufaha. Kwa wema wa wanawake hao, wasema walimu wao, Israeli ilikombolewa.

Basi bakuli ni moja, kumbukumbu ni mbili: udongo uliowatesa, na upendo uliowashika.

Wapendwa, jambo hili lanigusa. Kuna wakati nilipoteza kazi, nikaenda kubeba zege mjengoni kwa ujira wa siku. Kila jioni mke wangu alinibandikia maji ya kuoga. Jioni moja nilimwaga karai lile uani kwa hasira, nikasema maji hayalipi karo. Mke wangu hakujibu. Watoto walinyamaza. Usiku ule niliona kwamba aliyenionea mjengoni sikumgusa, ila aliyenipenda ndiye niliyemwadhibu. Kesho yake nilimwomba msamaha mbele ya watoto, kisha nikamtekea maji mimi mwenyewe, kwani naye alikuwa ameshinda akilima vibarua.

Nyinyi waume, shida za nje msizilete nyumbani kama fimbo. Msaada wa mke si dharau kwako. Nanyi wake, mume anaporudi mikono mitupu, msimhesabie kwanza walichonunua majirani. Wala asiwepo wa kusema kazi ya kufariji ni ya mama peke yake. Hata yeye ana udongo wake, na chungu cha maji chaweza kubandikwa na mikono ya mwanamume.

Angalieni jambo moja zaidi. Wayahudi huchovya mboga chungu katika haroseti, kisha huikung'uta, ili uchungu usifunikwe kabisa na utamu. Hawasemi kwamba Misri haikuwauma. Vivyo hivyo, msifiche miaka yenu migumu kama aibu, wala msiitumie kurushiana maneno. Kaeni nayo mezani, pamoja na kitu kitamu.

Jioni ya leo, mkishalaza watoto, kila mmoja amwambie mwenzake: “Wakati ule wa taabu, hiki ndicho ulichonitendea, nami sijakisahau.” Kama pana karai mlilomwaga, ombaneni msamaha kabla ya kulala.

Mungu aliyesikia kilio cha watu wake Misri azisikie na nyumba zenu. Amina.