Mkono Utoao na Mfuko wa Mwingine

Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa Kisiwani katika enzi ya masultani wake zina jambo ambalo mpenzi wa utungo hawezi kulipita: zina vina. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na mwisho wa upande huu huitikia mwisho wa ule. Mwaka haukuandikwa, wala thamani. Aliyeipokea sokoni alipokea neno la mtu, likiwa limeegemezwa kwa Mola wake.

Miongoni mwa waliopigisha sarafu hizo ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331. Watu walimwita Abul-Mawahib, baba wa hiba. Msafiri yule anasimulia kwamba siku ya Ijumaa sultani alitoka msikitini, akakutana na fakiri wa Kiyemeni aliyemwomba nguo alizovaa, tena papo hapo. Sultani akarudi, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Na sultani, aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki hupendwa, na aghalabu husimuliwa kama sifa tupu. Kisomwe tena polepole. Nguo zilikuwa zake, na kuzivua mbele ya fakiri kulikuwa ukarimu usio na shaka. Lakini wale watu ishirini? Ibn Battuta huyohuyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za bara na kuleta ngawira. Waliolipia sifa ile hawakuulizwa. Basi swali halipo kwenye mkono utoao, lipo kwenye mfuko: mtu anapotoa, ni nani anayelipa?

Swali hilo limevuka maji. Kijana wa Kisiwani hupanda mashua hadi Kilwa Masoko, kisha basi la kwenda Dar es Salaam au Mtwara, na akibahatika masomo yake hugharimiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Fedha ya kujikimu wanafunzi huiita bumu, na jina linaifaa: huingia kwa kishindo, kisha kimya. Wazee humlaumu kijana kwa israfu, na wapo wanaostahili lawama hiyo, wa viatu na simu mpya. Lakini wengi fedha huwatoka kwa njia ya heshima. Mama ametumiwa kidogo, arusi ya binamu imechangiwa, mwenzake wa chumbani asiyepata mkopo amelishwa wiki mbili. Wote humsifu. Hakuna akumbukaye kwamba bumu nalo ni deni, na kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kulilipa. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Deni lenyewe halikufutwa. Anayetoa leo ni kijana. Atakayelipa ni mtu mzima ambaye bado hajazaliwa ndani yake, na ambaye hakuulizwa.

Bumu likiisha kabla ya wakati, simu ipo mkononi. Mkopo wa simu hauna uso. Zamani mdaiwa wa dukani aliandikwa katika daftari, akapita uchochoro mwingine kwa haya, na haya ile ilimzuia kukopa mara ya pili. Sasa hupatikana kitandani, usiku, kwa kubonyeza. Baadhi ya programu hizo, ambazo watu wamezibatiza kausha damu, huchukua orodha ya majina yaliyomo kwenye simu. Siku ya kuchelewa hupigiwa mjomba, mwalimu, hata mtu aliyeuza godoro mara moja tu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 zilizokopesha bila leseni.

Kilwa ilikwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim kuahidi kodi kwa mfalme wa Ureno, na Muhammad Ankoni, mmoja wa wakubwa wa mji, akawekwa rehani. Inasimuliwa kwamba amiri, alipokwisha kuwa huru, hakuharakia kulipa, na Ankoni ikambidi ajikomboe kwa mali yake. Mjomba anayepigiwa simu na asiowajua ni Ankoni mwingine. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2009, kijana wa chini ya miaka 21 asiye na kipato chake hapewi kadi ya mkopo bila mdhamini. Walau huyo mdhamini hutia saini kwa hiari.

Itasemwa kwamba mama mwenye njaa hangoji falsafa. Ni kweli, na mtoto anayeficha bumu lake ilhali nyumbani hakujapikwa hana sifa ya kujivunia. Atume. Ila amwambie mama kwamba fedha hii imekopwa. Akiisha kujua, yumkini atapokea nusu, yumkini yote, yumkini atairudisha kwa mkono wa dereva wa basi pamoja na nazi mbili. Lolote atakaloamua, atakuwa ameulizwa.

Katika miji ya pwani, kabla jeneza halijaondoka, msemaji wa wafiwa husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze kwa jamaa zake. Mwenye duka hujitokeza, au husamehe. Programu haihudhurii maziko. Simu ya marehemu imelala juu ya kabati, imefungwa kwa namba ya siri, na wafiwa hawaijui namba hiyo.