Mkulima wa Pembeni ya Mgodi

Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na Lubumbashi, mji wa Kongo uliozoea unga wa Zambia unaopita mpakani Kasumbalesa, ulikuwa na sababu ya kuhofia bukari (ugali) yake. Nyakati kama hizo lawama humwangukia mkulima wa kijijini: eti analima kidogo, tena kwa jembe la mkono. Kweli, analima kidogo. Lakini sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya serikali, ikaahidi kwamba haki za wanavijiji zingepangwa kwa amri ya rais. Miongo ikapita bila amri hiyo. Nani atapanda miembe, au kutia chokaa kwenye udongo huu mwekundu wenye asidi, mahali ambapo kibali cha mgodi kinaweza kumhamisha wakati wowote? Watasema shaba inalipa zaidi. Inalipa, ndiyo, na sheria ya migodi inataka mkulima afidiwe. Ila fidia huhesabu zaidi mazao na nyumba (vitu vinavyoonekana), si maisha mazima ya kujifunza wapi maji hutuama na mahindi gani hustahimili mvua iliyokatika Januari. Ujuzi huo ni wa shamba lile. Kwingine mkulima mzee huanza upya.