Mteja wa Saa Kumi na Moja



Dada yangu ni mhasibu Nairobi. Kuanzia Mei hadi tarehe 30 Juni huwa hatumwoni nyumbani. Wateja wanamletea risiti ndani ya mifuko ya karatasi, na kila mmoja anataka ritani yake iingie kwenye iTax kabla ya saa sita usiku wa siku ile ya mwisho. Julai ikifika, simu inanyamaza. Analala, anasuka nywele, anakuja Misa bila kuangalia saa.

Mwaka huu Julai ilifika lakini hakutulia. Jumapili ya kwanza, tukiosha vyombo, akaniambia, "Bruda, nikuulize swali la seminari."

Usiku wa tarehe 30, saa nne na nusu, alikuwa ameshafunga kompyuta. Kijana mmoja akapiga simu. Hana kazi, ila ana PIN, kwa hivyo lazima ajaze ile ritani ya mtu asiye na mapato. Kazi ya dakika kumi. Dada akamjibu, "Nimefunga. Ulikuwa wapi tangu Januari?" Akakata simu. Faini ya kuchelewa haipungui shilingi 2,000.

"Nilimkosea?"

Nikajibu haraka, kama mtu mwenye digrii ya falsafa. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Yule hakuwa mteja wako, alikuwa na miezi sita, na mwili wako pia una haki ya kupumzika. Humdai, hakudai.

Akasuuza sahani. "Na wewe je?"

Nikanyamaza. Usiku uleule, saa nne kasorobo, mimi ndiye niliyemtumia PIN na nenosiri langu. Ritani ileile, ya mtu asiye na mapato. Hakuniuliza nilikuwa wapi, na hakunilipisha hata shilingi. Mimi ni mdogo wake. Yule kijana je, ni mdogo wa nani?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiurudia mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hatuhitaji maelezo: saa kumi na moja jua linakaribia kuzama. Mfano huo uko katika Injili ya Mathayo pekee, na Mathayo alikuwa mtoza ushuru. Mtu wa mahesabu ndiye aliyetuhifadhia mfano ambao mahesabu yake yanakataa.

Lakini kweli yanakataa? Mtakatifu Thomas wa Akwino anasema huruma haivunji haki. Ukiwa na deni la mia moja, ukalipa mia mbili kutoka mfukoni mwako, hujamdhulumu mtu. Wale wa alfajiri walipata dinari waliyokubaliana. Jibu langu kwa dada halikuwa la uongo, ila liliishia njiani. Haki inauliza, "Huyu ananidai nini?" Huruma inauliza, "Mimi nimebaki na nini cha kumpa?"

Na kuna wakati jibu la kweli ni, "Sijabaki na kitu." Kufunga kompyuta si dhambi. Kilichomnyima dada usingizi, nadhani, ni lile swali, "Ulikuwa wapi?" Mwenye shamba naye aliwauliza wale wa saa kumi na moja mbona walisimama bure mchana kutwa. Tofauti ni kwamba yeye alingoja jibu, nao wakamwambia hakuna mtu aliyewaajiri. Kijana asiye na kazi angeweza kusema hivyohivyo, kama simu isingekatwa.

Jumatatu dada aliitafuta ile namba akapiga. Ritani ikaingia, imechelewa. Faini ikabaki palepale. Dada akatoa nusu. Mimi nikatoa mia tano, nauli yangu ya kurudi seminari, kwa sababu kwa kweli nilikuwa na deni. Zilizobaki kijana alisema atatafuta.

Rafiki, juma hili ukitaka kumwuliza mtu aliyechelewa alikuwa wapi, muulize. Halafu ngoja akujibu.

Mtakatifu Mathayo, msimamizi wa wahasibu, utuombee.