Huruma Iliyotangulia

Sinema ya tatu na ya mwisho ya The Lord of the Rings, aliyoitengeneza Peter Jackson wa New Zealand mwaka 2003, watu huisifu kwa vita vyake na farasi wake. Mimi lililonishughulisha ni jambo moja. Frodo, aliyebeba pete ya uovu masafa yote yale ili aitupe katika moto wa mlima, afikapo ukingoni hukataa. Asema pete ni yake, akaivaa.

Basi nani aliyeiangamiza? Ni Gollum, kiumbe dhalili, mtumwa wa pete hiyo hiyo. Bilbo, mlezi wa Frodo, aliwahi kuweza kumwua akamwacha. Na Frodo naye akamhurumia. Gollum akamng'ata Frodo kidole, akaipata pete, akaanguka nayo motoni. Yaani nguvu za mtu mwema zilikwisha, lakini huruma yake ilikuwa imekwisha tangulia, ikimngoja pale.

Hapa ndipo nimlaumupo mtengenezaji. Katika kitabu cha Tolkien cha mwaka 1955, Gollum huteleza mwenyewe kwa furaha yake. Katika sinema Frodo huinuka, wakapigana, ndipo wakaporomoka. (Huenda watazamaji hawapendi shujaa aliyeketi chini akivuja damu.) Lakini tukisema pete ilishindwa kwa mieleka, huruma ile yawa kazi bure. Wala hatuonyeshwi wazi kama Frodo aipigania aiangamize au aichukue tena. Na nia ndiyo tuliyohitaji kuiona hapo.