ZIZI MOJA KWA KOMINI TATU: AMANA YA WANYAMA WALIOPOTEA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na kila kitembeacho juu yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, najiusia mimi nafsi yangu na ninawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunataka kuzungumza juu ya wanyama wanaozurura katika miji yetu: mbuzi wasiofungwa, nguruwe wa majirani, mbwa wasio na mwenyewe. Wengine watasema: mambo hayo yanaingiaje msikitini? Yanaingia, kwa sababu yamo ndani ya Kitabu.

Katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kesi ya shamba lililoliwa usiku na kondoo wa watu. Nabii Daudi na mwanawe Suleimani walikaa kuihukumu. Wafasiri wanaeleza kwamba Daudi aliona kondoo wapewe mwenye shamba. Suleimani akaona njia nyingine: mwenye shamba atumie maziwa na sufi ya kondoo, na mwenye kondoo alilime lile shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe mali yake. Manabii wawili walikaa chini kwa ajili ya kondoo waliopotea njia. Basi nani kati yetu atasema jambo hili ni dogo?

Na katika Suratul-An'aam, aya ya 38, tunafundishwa kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Mtume wetu (s.a.w.) alitueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Akatueleza pia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alishuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu.

Mbwa, ndugu zangu! Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafii tunajua hukumu ya mate yake, tunaosha chombo mara saba, moja kwa udongo. Lakini hukumu ya mate haikuondoa haki ya kiumbe. Yule mtu wa kisimani hakupata msamaha kwa paka wala kwa kondoo. Alipata kwa mbwa.

Tena mbwa asiyetunzwa ni hatari kwa watoto wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Waganga wamekwisha kutuambia dawa: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Kuwapiga mbwa kwa mawe na kuwatilia sumu hakuukati, kwa sababu mahali pa waliokufa wanakuja wengine ambao hawakuchanjwa.

Sasa, nani alipe? Hapa ndipo penye ugomvi. Tuangalie waliotutangulia.

Sayyidna Umar (r.a.) alitenga malisho ya ngamia wa zaka. Alipomweka msimamizi, aliyeitwa Hunayy, alimwamuru awaruhusu wenye wanyama wachache waingie kulisha, na asiwatangulize matajiri wakubwa wa Madina. Sababu yake ilikuwa wazi: tajiri akipotewa na wanyama wake, bado ana mashamba na mitende, maskini akipotewa na wake, atakuja na watoto wake kwa kiongozi kuomba. Umar akaona kwamba maji na majani ni rahisi kwake kuliko dhahabu na fedha atakazolazimika kutoa baadaye.

Na Sayyidna Ali (r.a.) alifanya zaidi. Imepokewa kutoka kwa Said bin al-Musayyab kwamba Ali alijenga zizi kwa ajili ya wanyama waliopotea. Akawalisha kwa mali ya Baitul-Mali, malisho ya kadiri, yasiyowanenepesha wala kuwakondesha. Aliyekuja na ushahidi kwamba mnyama ni wake, alimchukua. Asiyepata mwenyewe alibaki pale, hakuuzwa. Haya yalifanyika zaidi ya miaka 1,300 iliyopita: zizi la serikali, chakula cha serikali, na haki ya mwenye mali imelindwa.

Ndugu Waislamu, tuutazame muji wa Kindu. Una komini tatu: Kasuku na Mikelenge ng'ambo hii ya mto Lualaba, na Alunguli ng'ambo ya pili. Mbuzi akitoka Kasuku kuingia Mikelenge hasimami mpakani kuomba ruhusa. Mbwa anayeumwa haulizi hii ni komini ya nani. Lakini binadamu tunauliza! Huyu anasema mnyama ametoka kwako, yule anasema ameumia kwangu lakini si wangu, na mtoto aliyeumwa anangoja.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 3, imezipa miji, komini, sekta na sheferi uhuru wa kujiongoza na kusimamia mali zao. Uhuru huo usiwe uhuru wa kila mmoja kufunga mlango wake. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratul-Maida, aya ya 2, tusaidiane katika wema na ucha Mungu, wala tusisaidiane katika dhambi na uadui.

Komini tatu zikijenga mazizi matatu, zitahitaji visima vitatu, walinzi wa mahali patatu, na daktari wa wanyama atakimbizwa huku na huku. Zikijenga moja, kisima ni kimoja na daktari anajulikana yuko wapi. Kwa upande wa Alunguli, gharama ya kuvusha mnyama kwa mtumbwi iingizwe katika hesabu ya wote, ili walio ng'ambo wasilipe mara mbili.

Tuchukue mfano tu. Tuseme zizi linahitaji franka 900,000 kwa mwezi. Nusu, yaani 450,000, igawanywe sawa, kila komini 150,000, kwa sababu wote wanalindwa. Nusu ya pili ifuate hesabu ya wanyama waliokamatwa. Wakiwa 30, na 15 wametoka komini ya kwanza, 10 ya pili, 5 ya tatu, basi zitaongeza 225,000, 150,000 na 75,000. Kwa jumla ya kwanza italipa 375,000, ya pili 300,000, ya tatu 225,000. Hakuna aliyedhulumiwa, na anayefunga wanyama wake vizuri anapunguziwa mzigo.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah. Ndugu zangu, kuna jambo tusilifiche. Watu wengi wakisikia zizi la serikali wanaogopa, na wana haki kuogopa. Mbuzi wa mjane akikamatwa asubuhi, jioni anaweza kuwa mchuzi nyumbani kwa mtu. Au mjane aambiwe alipe pesa ambazo hazikuandikwa popote, zinazopita bei ya mbuzi mwenyewe. Zizi la namna hiyo ni wizi wenye muhuri.

Kwa hiyo tukiwaomba wakubwa wetu zizi la pamoja, tuombe na masharti yake. Mkataba uandikwe na usainiwe na komini zote. Kila mnyama aandikwe katika daftari: siku aliyoingia, mahali alipokamatwa, rangi yake na alama yake. Habari zake zitangazwe sokoni, misikitini na makanisani. Mwenyewe akija, alipe gharama ya majani na siku tu, na apewe karatasi. Mbwa achanjwe kabla ya kutoka. Na hesabu za kila mwezi zibandikwe ukutani, kila mwananchi azisome.

Na sisi tunayo sehemu yetu kabla ya zizi. Funga mbuzi wako usiku. Mpeleke mbwa wako kuchanjwa. Mkataze mtoto wako kumtupia mnyama mawe. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha akimbilie hospitali kupata chanjo siku hiyo hiyo; asingoje ugonjwa uonekane, kwani ukishaonekana karibu hakuna anayepona.

Ewe Mola wetu, tupe huruma kwa viumbe vyako. Wape viongozi wetu uadilifu na umoja. Walinde watoto wetu na maradhi. Waepushe wajane na mayatima na mkono wa mdhalimu. Rabbana aatina fid-dunya hasanatan wa fil-aakhirati hasanatan wa qina adhaban-naar. Amin.

Simameni kwa sala.