Ni Nani Aingiliaye Mambo ya Jirani?

 

Ndugu zetu, kila aliyesafiri kwa gari kutoka Mombasa kwenda Nairobi ameviona vilima vya Lukenya, kabla ya kufika Mto Athi. Wachache wajua kwamba hapo palikuwa na gereza, na kwamba Septemba 1954 wapiganaji wa Mau Mau walilivamia wakawatoa wafungwa zaidi ya 200. Zama zile maelfu ya watu walifungiwa makambini bila ya kuhukumiwa, na Uingereza ikihesabu kuwa mambo ya makoloni yake ni mambo yake ya ndani.

Leo neno hilo limo vinywani mwa serikali zetu wenyewe. Mei 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alisema kuwa hatawaachia wanaharakati wa nchi jirani waingilie mambo ya Tanzania. Martha Karua alikwenda kuhudhuria kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, akarudishwa. Boniface Mwangi alikamatwa Dar es Salaam, na aliporejeshwa kwetu huku pwani alieleza mateso makubwa. Haukupita muda, Rais William Ruto akaiomba Tanzania msamaha ikiwa tumeikosea. Kuombana radhi ni jambo jema, wala hatulikatai. Lakini mwenye kulalamika kudhulumiwa ndiye aliyestahili kusikizwa kwanza.

Na kabla ya hayo, Novemba 2024, Kizza Besigye, mpinzani wa serikali ya Uganda, alitoweka Nairobi, na baada ya siku nne akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Serikali yetu ilikana kuhusika. Mwaka uliofuata Waziri Musalia Mudavadi akasema kuwa Kenya ilishirikiana na Uganda. Tazameni basi: kwenda kusikiliza kesi kwaitwa kuingilia, na kumchukua mgeni katika mji wa watu kwaitwa ushirikiano!

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutoyafahamu haya. Mwaka 2007 Mohammed Abdulmalik alikamatwa hapa Mombasa, akatiwa mikononi mwa Wamarekani na kupelekwa Guantánamo. Hakushitakiwa kwa kosa lolote, wala hakurudi ila Desemba 2024. Tulimlilia, na ilikuwa haki kumlilia. Lakini habari ya Besigye ilipotajwa katika darsa letu, mmoja wetu alisema, "Huyo si wetu," na wengi wakanyamaza.

Neno hilo halina msingi katika dini. Sura ya Tawba, aya ya 6, yaamrisha kwamba hata mshirikina akiomba himaya apewe, kisha afikishwe mahali pa amani yake. Na Sura ya Nisaa, aya ya 135, yatutaka tusimamie uadilifu japo dhidi ya nafsi zetu. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa himaya ni ya Waislamu peke yao.

Kwa hiyo wabunge wetu wajapo kutuamkia misikitini, na waulizwe: ni hakimu gani wa Kenya aliyetoa idhini Besigye avushwe mpaka? Na swali hilo aliulize kwanza yule aliyesema si wetu.