Nani Anayepumzika Likizoni?

Wengi wetu tukirudi kutoka likizo husema, nusu kwa mzaha, kwamba sasa tunahitaji likizo nyingine ya kupumzika. Mzaha huo una swali ndani yake. Ikiwa mtu amelipa fedha ili apumzike, naye amerudi amechoka kuliko alivyoondoka, je, alipumzika?

Tuchukue familia iliyotoka Nairobi kwenda Naivasha kwa gari la kukodi, lile lenye vitanda na jiko dogo la gesi ndani. Asubuhi wanapanda Longonot. Mlima huo una urefu wa mita 2,776, na njia ya kufika ukingo wa kreta ni zaidi kidogo ya kilomita 3, sehemu nyingine ni mwinuko wa vumbi ambao ukipiga hatua moja unateleza nusu yake. Walio na nguvu huzunguka ukingo wote, kilomita nyingine zipatazo 7. Mchana, kwa kuwa likizo ni fupi na kila kitu kimelipiwa, wanaingia Hell's Gate kwa baiskeli kuangalia majabali, twiga na pundamilia. Jioni magoti yanatetemeka, watoto wanalia, na hakuna anayetaka kuonyeshwa hata pundamilia mmoja zaidi.

Wapo wanaosema hayo si mapumziko bali ni kazi iliyobadilishwa jina. Mimi sikubaliani nao. Uchovu wa miguu si sawa na uchovu wa moyo. Mtu aliyeketi ofisini wiki nzima akihesabu madeni anaweza kupanda mlima akashuka amechoka mwili, lakini usiku akalala kama mtoto. Eliya alipokimbia hasira ya Yezebeli na kuomba afe chini ya mretemu, malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, mara mbili, akamwacha alale, kisha Eliya akatembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu. Mapumziko yake yalikuwa na usingizi, na yalikuwa na safari pia.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Jioni hiyo, wote wakiwa wamechoka sawasawa, nani anawasha jiko la gesi? Mara nyingi ni mama yuleyule anayewasha la nyumbani. Amepanda mlima uleule, ameendesha baiskeli ileile, na sasa anamenya viazi kwa mwanga wa tochi huku wengine wamejinyoosha. Likizo imehamisha jiko tu, mpishi hakubadilika.

Musa alipoirudia amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5, alitoa sababu tofauti na ile ya Kutoka 20. Kutoka inataja uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita akastarehe siku ya saba. Kumbukumbu la Torati inataja utumwa: mlikuwa watumwa Misri, kwa hiyo mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Hata ng'ombe na punda wametajwa, hata mgeni aliye malangoni. Wapumzike pamoja nawe. Kustarehe kwako juu ya mgongo wa mwingine hakumo katika amri hiyo. Jambo moja la ajabu: mke hakutajwa katika orodha hiyo. Wafafanuzi husema amehesabiwa ndani ya neno “wewe” pamoja na mumewe. Naamini ndivyo, ila baba wengi tumeisoma orodha kana kwamba hayumo kabisa.

Tena ukisimama ukingoni mwa Longonot unaliona Ziwa Naivasha, na kando yake paa za plastiki za mashamba ya maua. Chini ya paa hizo wako watu wanaosimama siku nzima wakikata na kufunga mawaridi, na Februari, kabla ya sikukuu ya wapendanao kule Ulaya, kazi huzidi. Uchovu wao hawakuuchagua kama sisi tulivyochagua wetu. Sisemi tusipande mlima. Ila anayeutazama uwanda ule na kusifu uumbaji tu, bila kuziona paa, ameisoma Kutoka akaiacha Kumbukumbu la Torati.

Turudi kwenye gari. Yohana 21 inasimulia wavuvi waliofanya kazi usiku kucha wasipate kitu. Walipofika nchi kavu walikuta moto wa makaa umekwisha kuwashwa, samaki juu yake, na mkate. Aliyeuwasha alikuwa Bwana mwenyewe, aliyefufuka, naye hakungoja mtu mwingine ampikie. Aliwaita waje wafungue kinywa. Kabla ya kula aliwaambia walete na samaki waliovua wao, na Simoni Petro, aliyekuwa bado amelowa maji, akapanda akauvuta wavu pwani.